Bibi Yangu Hashoni Kofia

Malindi
9 Februari 1986

Dada Hindu, ndugu yangu wa ziwa moja,

Assalaam alaykum. Alasiri nimeshaisali, mjukuu wako Harusi yuko uani anamfukuza mbuzi wa jirani, nami nimekaa mkekani nikuandikie kabla hajaja kuniuliza naandika nini. Ameongezeka mwili, alhamdulillahi. Usiku halilii tena kwenu Takaungu.

Mkaguzi alikuja mwezi uliopita akatwambia watoto wa nasari wafundishwe kazi za watu wa mtaani mwao, si kuimba tu na kulala. Picha za kuwaonyesha sina. Basi nikaamua kila Jumatano nimwite mzazi mmoja aje na vyombo vyake vya kazi. Wa kwanza alikuwa Kitsao, babake Kahindi, naye ni mgema. Nikamwambia, "Baba Kahindi, skuli yangu iko ukuta mmoja na msikiti." Akanijibu, "Ndiyo maana nimekuja na kibuyu kitupu, mwalimu. Hata kukinusa waweza." Watoto wakamuuliza, "Mnazi ukikatwa walia?" Akasema, "Walia, nami hukinga machozi yake." Nilicheka hata nikasahau kuwa nafundisha. Jioni imamu akaniita, ataka kujua mgema alifuata nini pale. Nikamwambia alifuata watoto.

Kisha nikawauliza mmoja mmoja kazi za kwao. Mamake Kadii huuza makaa ya Ganze. Babake mwengine hubeba barua za posta, mwengine hupika hotelini. Harusi naye alijibu vizuri.

Mimi sijambo. Ila kwapani, mkono wa kuume, pametoka kijipu kama tunda la kunazi. Hakiniumi, wala sikishughulikii. Nakutajia tu kwa kuwa hunifichi nami sikufichi.

Nduguyo,
Mwanatumu


Takaungu
21 Februari 1986

Mwanatumu mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa kukata silabi kama walivyotufundisha watu wazima kwenye ngumbaru, mara ya pili kwa kucheka. Huyo Kitsao muombee Mungu amuongoe, lakini asimuondolee ulimi wake.

Sasa nisikize. Umenitajia kazi ya mamake Kadii, ya mpishi, hata ya mtu wa posta. Ya Harusi umepita juu kwa juu kama mtu avukaye tope. Alijibu nini? Mtoto huyu kazi yangu aijua. Tangu mamake alipofariki amelala ubavuni mwa ndoo zangu. Nilimleta kwako kwa sababu watoto wa hapa hawataki kucheza naye, wasema mkono uoshao maiti ndio umkandiao unga wa mkate. Sikumleta ili anikane.

Na hicho kijipu. Nijibu haya, wala usione haya, ni mimi. Ukikisukuma kwa kidole chasogea, au kimekaa kama kilichoshonewa? Ziwa la upande huo liko sawa na mwenzake? Ngozi haikufanya vitobo kama ganda la chungwa? Chuchu haikuzama ndani?

Mwanatumu, jipu huuma. Lisilouma ndilo la kuogopwa. Nenda hospitali wiki hii, usingoje. Wala usiniulize nimejulia wapi.

Nduguyo,
Hindu


Malindi
4 Machi 1986

Dada Hindu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta maneno, na maneno hayakupatikana, basi nasema tu.

Harusi alisema, "Bibi yangu hushona kofia." Mimi ndiye niliyemfundisha. Usiku wa kuamkia siku ile nilimweka mapajani nikamwambia, wakikuuliza useme hivyo. Akanitazama. Akasema, "Bibi yangu hashoni kofia." Nikamwambia, najua mama, lakini wewe sema. Akasema. Nilimpa kaimati mbili tamu.

Dada, uliniambia mwenyewe wa huko wamkimbia. Hapa hawajui. Nina watoto thelathini na mmoja, na mama zao ni hawa hawa wanaotema mate wakipita karibu na jeneza la msikitini. Wakijua, nani atamkalisha mwanawe karibu na wako? Nilifanya kwa mapenzi.

Kijipu kipo. Hakisogei. Hayo mengine uliyoyauliza siyajibu, kwani barua hupita mikononi mwa wanaume wa posta. Mume wangu Gharib amenipeleka kwa mzee mmoja akaniandikia kombe, aya za zafarani sahanini, nazisuuza kwa maji nikanywa asubuhi kabla ya kula kitu. Hospitali daktari ni mwanamume, na Gharib hakusema nisiende, lakini alinyamaza kwa namna ile yake. Mbona nawe waniuliza maswali ya daktari? Mama yetu, Mungu amrehemu, naye alikuwa na kijipu hapo hapo miaka ya mwisho, nakumbuka alivyokuwa akibana mkono. Hakikumfanya kitu. Alikufa kwa homa.

Usinikasirikie sana.

Mwanatumu


Takaungu
16 Machi 1986

Mwanatumu,

Kofia! Mimi ambaye tundu la sindano silioni!

Umeniambia umefanya kwa mapenzi, nami nakuamini, na ndiyo maana imeniuma. Angefanya jirani ningecheka. Sasa nitakwambia kazi yangu, kwa kuwa hujapata kuniuliza tangu niianze, hata siku ile nilipotoka chumbani kwa Mama nimeloa mikono ukaniangalia usoni tu, mikono hukuitazama.

Maji huwa ya uvuguvugu. Najua hawasikii, lakini mkono wangu wakataa kummwagia mtu maji ya baridi. Natia majani ya mkunazi yaliyopondwa, naanza kuume, na maji ya mwisho natia karafuu maiti. Kila ninayemgeuza namwita jina lake: Bi fulani, nakugeuza sasa. Hilo hakuna aliyenifundisha. Mwili haubaki wazi hata kidogo, mkono wangu hupita chini ya kitambaa, na yote niyajuayo nayajua kwa vidole. Wanawake wa pwani huwaficha waume zao, huwaficha madaktari, huwaficha binti zao. Mimi sifichiki. Tena mara nyingi hukuta marehemu amejifunga kitambaa kifuani mwaka mzima, na mumewe ambaye alilala naye kitanda kimoja yuko nje alia, asema ilikuwa homa.

Shangazi aliyenipa kazi hii aliniapisha: ulichokikuta chini ya nguo, zika nacho. Aibu ya maiti ukiifunua, Mungu atakufunua wewe. Sijavunja. Basi ya Mama na homa yake tuyaache.

Nenda hospitali. Na Idi nikijaaliwa nitakuja kumchukua mjukuu wangu. Afadhali akimbiwe kwa kweli kuliko akumbatiwe kwa uwongo.

Hindu


Malindi
31 Mei 1986

Dada Hindu,

Miezi miwili na nusu hukuniandikia, nami sikukuandikia. Leo ni mwezi ishirini na mbili wa Ramadhani, na haifai mtu kufunga huku amemnunia nduguye. Nisamehe, kisha nisome.

Jumatano iliyopita alikuja darasani nesi wa hospitali, mwanamke wa bara aitwaye Wanjira. Alipotoa sindano, watoto wote chini ya meza! Kahindi, mtoto wa mgema, alijifunika kwa mkeka akasema, "Mimi siko." Wanjira akaificha sindano akaanza kuwaeleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula: "Mgonjwa akija, mimi ninamuosha, ninampa dawa, ninamfunika shuka safi."

Harusi akasimama. Hakuinua hata mkono. Akasema, "Bibi yangu naye huosha watu, awafunika nguo nyeupe. Lakini wake hawaumwi tena."

Vichwa vyote vikamgeukia. Nami nilisimama na chaki mkononi, dada, nikatafuta neno la kufunika lile. Wanjira ndiye aliyesema: "Basi bibi yako na mimi kazi yetu ni moja. Mimi nikishindwa, yeye ananipokea zamu." Harusi akakaa, akavuta gauni lake magotini kama mtu mzima.

Kesho yake hawakuja watoto wanane. Siku iliyofuata kumi na mbili. Mama mmoja alinifuata mlangoni akaniambia, "Mwalimu, kikombe hicho cha uji wanywa wote?" Nilikuta watoto wenyewe wameshakitenga kikombe cha Harusi juu ya dirisha, mbali. Kahindi akaenda akakichukua akanywa mpaka chini, akasema, "Kwetu babu kazikwa nyuma ya jiko, na mihogo iliyoota juu yake twaila." Nikacheka, kisha nikaingia stoo nikalia.

Ulisema kweli, kofia ile niliishona mimi. Imenipwaya.

Lingine. Wanjira aliniona nikiandika ubaoni, mkono hauniinuki kupita bega. Watoto walipotoka akafunga mlango, akanipapasa kwapani na kifuani. Aliosha mikono yake polepole sana. Ameniandikia karatasi niende hospitali kuu ya Mombasa. Yale maswali yako ya mwezi wa pili, dada, jibu la yote ni lile uliloliogopa. Kwa hivyo nitakwenda Idi ikishapita, kwani nyumba haina wa kuandaa, na binti yangu Esha aliniahidi kuja kutoka Lamu na mumewe.

Usimchukue Harusi. Nakuomba.

Mwanatumu


Takaungu
6 Juni 1986

Mwanatumu, mwana wa Mama,

Usingoje Idi. Barua hii ikikufikia asubuhi, jioni uwe Mombasa. Nimeanza na hilo ili hata usiposoma mengine, hilo uwe umelisoma.

Sasa nisome umekaa. Mwaka wa sabini na moja, nilipomwosha Mama, nilipitisha mkono chini ya kitambaa, na ziwa lake la kuume halikuwa ziwa. Lilikuwa kidonda kilichokauka juu, kibichi ndani, gumu kama jiwe la kusugulia miguu, na kwapani vijiwe vinne. Amelifunga kwa kanga ya zamani na unga wa manjano. Ziwa lile lile, Mwanatumu. Alilotunyonyesha, wewe kwa zamu yako, mimi kwa zamu yangu, mamangu mzazi alipokuwa mgonjwa. Nilisimama na kata ya maji mkononi hadi maji yakapoa. Kisha nikamwosha, nikamvika sanda, nikatoka nje nikakukuta unaambiwa ilikuwa homa. Nikasema ndiyo, homa.

Baada yake nimewaosha wanawake wengi, nikaona jambo: nakuta ziwa la mama liko hivyo, kisha baada ya miaka nakuta la binti, nyumba ile ile. Nikajua kwa vidole yale ambayo sikuyasoma. Uliponiandikia kunazi la kwapani, nilijua tangu mstari ule. Nikakuuliza maswali, nikakupigia kelele uende hospitali, lakini lile la kukuogopesha uende mbio nikalizuia mdomoni. Kwa ajili ya kiapo. Hata hasira ya kofia, Mungu anajua, nusu yake ilikuwa nakasirika nafsi yangu.

Jana nilikwenda kwa Maalim Aboud. Nilikaa kizingitini nikamuuliza bila ya kutaja jina: mwosha akikuta ugonjwa katika maiti, na ugonjwa ule warithiwa, anyamaze? Akaniuliza, "Ugonjwa ni aibu?" Nikasema sijui, sisi twauficha kama aibu. Akasema, "Bi Hindu, kinachofichwa ni kile kinachomvunjia maiti heshima. Maradhi ni mtihani wa Mungu, hayamvunjii mtu heshima. Nani alikwambia ufiche?" Nikasema, shangazi. Akasema, "Ungekuja kuuliza."

Ningekuja kuuliza. Miaka kumi na tano, na nyumba ya maalim iko hatua arubaini kutoka kwangu.

Sikuombi msamaha katika barua hii, kwa sababu utapoteza wakati kuufikiria. Nenda.

Hindu


Malindi
20 Agosti 1986

Dada Hindu,

Barua hii yaandikwa na Wanjira, mimi nasema tu. Mkono umevimba hauwezi kalamu. Wanjira asema niseme polepole, Kiswahili changu kina kona nyingi.

Nilikwenda siku ile ile barua yako ilipofika, siku ya pili ya Idi. Gari lilipovuka kwenye feri ya Kilifi, Gharib akaniuliza tuteremke njia ya Takaungu nikuone. Nikasema twende Mombasa moja kwa moja. Nilikuwa nayo barua yako ndani ya buibui, imelowa jasho. Nikasema moyoni, yule alijua, akanywa chai nyumbani kwangu Idi kumi na tano akijua.

Mombasa walinipima, wakanilaza, wakaniambia limeshashuka kwenye ini. Daktari aliniuliza kama kuna mwengine kwetu aliyewahi kuugua hivi. Kwa mara ya kwanza nikasema: mamangu. Akaandika.

Siku arubaini sikutaka kusikia jina lako. Harusi, uliyeniachia, ndiye aliyenishinda. Alikuwa akinipangusa uso kwa kitambaa, akasema, "Nakugeuza sasa, Bi Mwanatumu." Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema, "Bibi." Ndipo nikamwambia Wanjira alete karatasi.

Mimi nilikuficha wewe kwa watoto, wewe ukamficha Mama kwangu. Tumenyonya ziwa moja, tukafanya kosa moja. Nimekusamehe, nisamehe.

Nataka mambo matatu. La kwanza, mwezi wa tisa skuli zikifunguliwa, uje Jumatano moja darasani na ndoo yako na kata yako, uwaambie watoto kazi yako kwa mdomo wako. Waliobaki ni kumi na tisa, watakutosha. La pili, siku ikifika asiniguse mwengine.

La tatu. Esha hajui. Idi alikuja nikabana mkono, hakuona. Ana mimba yake ya kwanza, naye ni mwoga tangu utotoni. Mwambieni ni homa. Wanjira ameacha kuandika hapa, ananitazama. Andika, Wanjira. Najua ninachofanya. Mimi ni mama.

Mwanatumu
(kwa mkono wa Wanjira)


Malindi
27 Novemba 1986

Kwa binti yangu Esha, Lamu,

Assalaam alaykum. Mungu akupe subira. Twajua hukuweza kuja mazishini, uko ndani na mtoto wa siku tisa, wala hakuna anayekulaumu. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa mamako. Babako Gharib amelala. Harusi yuko hapa karibu anapanga chaki kwa urefu.

Nianze na la kukufurahisha. Mwezi wa tisa nilikwenda darasani kama mamako alivyotaka. Mamako alikalishwa kitini nyuma, na mto mgongoni. Nikaweka ndoo, kata, majani ya mkunazi na kipande cha bafta ya sanda, nikawaambia: mimi ni mwosha, mtu akifa mimi humsafisha ili aende kwa Mola wake akiwa nadhifu. Kahindi akauliza, "Wakikataa kugeuka?" Nikasema hawakatai, ni wapole kuliko wewe. Kadii akauliza, "Na wewe bibi ukifa, ni kazi ya nani kukuosha?" Harusi akasema, "Yangu." Nilimwangalia mamako kule nyuma. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Alifariki Jumatatu, baada ya alfajiri. Nilimwosha mimi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, nikamwita jina lake kila nilipomgeuza, mara ya mwisho nikamwita mdogo wangu.

Sasa, Esha. Umeambiwa ni homa. Babako ndiye aliyekuambia, na mamako ndiye aliyemwambia akuambie, nami niliombwa hivyo hivyo, nikanyamaza, na kwa kunyamaza akafa anadhani nimekubali. Si homa. Ni ziwa, la kuume. Na nyanyako, yule uliyeambiwa naye alikufa kwa homa, lilikuwa ziwa, la kuume. Nimewaosha wote wawili kwa mikono hii, sikusimuliwa.

Nimemvunjia mamako neno la mwisho aliloniomba. Kwake nitakwenda kujieleza mwenyewe, siku hiyo haiko mbali. Lakini neno kama hilo nililichunga mara moja, na juzi limeniondolea mamako.

Mtoto akishanyonya na amelala, funga mlango. Vua. Inua mkono wa kuume, na kwa vidole vya mkono wa pili anza kwapani uje mpaka kwenye chuchu, taratibu, kama mtu achaguaye mchele. Kisha upande wa pili. Sasa maziwa yamejaa na utakuta mafundo ya unyonyeshaji, usiogope, yale huja yakaenda. Liogope lisilokwenda. Ukishamwachisha mtoto fanya kila mwezi unapotoharika na hedhi. Ukikuta kitu, hata kama punje, hata kama hakikuumi, usimwambie mumeo kwanza, usinywe kombe kwanza. Nenda kwa Wanjira, jina lako nimeshampa. Asema atakupokea siku yoyote, hata Ijumaa.

Kwangu uje mwisho kabisa, mwanangu, tena uwe umezeeka hata huna meno, na afadhali uwe umenikosa.

Nijibu. Barua isipofika kwa wiki mbili nitapanda gari kuja Lamu, nawe wanijua.

Mamako mkubwa,
Hindu binti Mahdi,
mwosha maiti